Mkono Huandika Kwanza: Thamani ya Mwandiko katika Delta ya Tana

Takwimu zinazohusu Delta ya Tana, ziwe za wajawazito waliohudhuria kliniki, za kina cha maji ya mto au za kura zilizopigwa katika jimbo la Garsen, leo husomwa kwenye skrini za kompyuta huko Hola, Mombasa na Nairobi. Lakini nyingi kati ya hizo, kabla ya kuingia ndani ya mashine, zilikuwa wino juu ya karatasi, zimeandikwa na mtu aliyekuwapo mahali jambo lenyewe lilipotendeka. Ukweli huu husahauliwa upesi katika mijadala ya siku hizi, ambamo mwandiko wa mkono hutajwa kama mabaki ya enzi iliyopita, jambo la kuvumiliwa hadi umeme na mtandao vitakapofika kila kijiji. Mtazamo huo una kasoro kubwa. Katika nyanda hizi za mwisho za Mto Tana, mwandiko ndio chanzo cha kumbukumbu ambazo kompyuta huzihifadhi na kuzisafirisha, ndio shahidi anayerejewa kumbukumbu hizo zinapotiliwa shaka, na ndio njia ambayo kwayo mtoto huingiza herufi na maarifa akilini mwake. Kwa hiyo anayeupuuza huidhoofisha hata hiyo kompyuta anayoisifu.

Delta ya Tana ni eneo ambalo mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, baada ya safari ya takriban kilomita 1,000 kutoka nyanda za juu za kati, hutawanyika katika vinamasi, mikono ya maji na misitu ya mikoko kabla ya kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Garsen ni mji wa soko wa eneo hilo, karibu na njia panda ya Minjila ambapo barabara itokayo Malindi hugawanyika, tawi moja likielekea Witu na Lamu na jingine likipanda Hola na Garissa. Wapokomo hulima kandokando ya mto, Waorma na Wawardei hufuga ng'ombe, na upande wa Kipini Waswahili na Wabajuni huishi kwa bahari. Mwaka 2012 delta hii iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, yaani makubaliano ya kimataifa ya kulinda ardhi oevu, ambayo ni ardhi inayofunikwa na maji mwaka mzima au sehemu ya mwaka. Hali ya ardhi yenyewe hueleza kwa nini karatasi bado ina mamlaka: mto unapofurika vijiji huzingirwa na maji kwa majuma mengi, nyaya za umeme hazijafika kila mahali, na kuna sehemu ambazo simu haishiki mawimbi, ilhali daftari na kalamu havidai chaji wala mnara.

Zahanati ya kijijini huonyesha jambo hili waziwazi. Muuguzi anapompokea mjamzito huandika jina lake, umri wake, umri wa mimba, shinikizo la damu na dawa alizompa katika rejista kubwa ambayo Wizara ya Afya huitambulisha kwa nambari MOH 405, kisha huyaandika maelezo hayo tena katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto ambacho mama mwenyewe hurudi nacho nyumbani. Mwisho wa mwezi mistari ya rejista huhesabiwa, jumla zake hujazwa katika fomu ya muhtasari, na fomu hiyo hupelekwa penye kompyuta ili nambari ziingizwe katika mfumo wa taifa wa taarifa za afya, ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011 kwa kutumia DHIS2, programu iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei. Mfumo huo umeleta faida isiyopingika, kwa kuwa ofisa aliye Nairobi anaweza kulinganisha kaunti 47 kwa dakika chache. Hata hivyo mfumo hauoni chochote ambacho muuguzi hakukiandika, na saba iliyoandikwa ikafanana na moja huondoka zahanati ikiwa kosa dogo la kalamu na kufika Nairobi ikiwa idadi pungufu ya dozi za chanjo.

Kile kijitabu cha mama kinastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya rejista. Familia ya wafugaji inayohama kutoka nyanda kavu hadi malisho ya delta wakati wa kiangazi inaweza kuhudumiwa na zahanati tatu au nne katika ujauzito mmoja, na katika safari hiyo kumbukumbu ambayo mama ana hakika ya kuwa nayo ni ile aliyoibeba mwenyewe kwenye mkoba. Muuguzi wa zahanati ya tatu humwelewa mgonjwa kwa kusoma miandiko ya wenzake wawili ambao huenda hatawahi kukutana nao, na pale anapoona neno limepigiwa mstari mara mbili au tarehe imezungushiwa duara hutambua kwamba mwenzake alikuwa na wasiwasi juu ya jambo fulani. Alama kama hizo hazina kisanduku katika fomu yoyote, nazo ndizo aghalabu zinazookoa maisha.

Hapa ndipo inapodhihirika tofauti ya msingi kati ya karatasi na mashine. Mtu akikosea kwenye rejista hukata kosa kwa mstari mmoja na kuandika sahihisho pembeni, hivyo kosa na sahihisho hubaki yote mawili mbele ya macho ya msomaji. Katika jedwali la kawaida la kompyuta nambari mpya hukalia nafasi ya nambari ya zamani, na asiyeijua ile ya kwanza hana namna ya kushuku kwamba iliwahi kuwapo, isipokuwa mfumo uwe umetengenezwa kwa makusudi kuhifadhi historia ya mabadiliko. Wahenga waliosema kuwa mali bila daftari huisha bila habari walikuwa wakizungumzia biashara, lakini kauli yao inafaa vilevile kwa mali ya umma, ikiwemo mali isiyohesabiwa kwa shilingi kama vile maji ya mto.

Maji hayo yana daftari lake. Mamlaka ya Rasilimali za Maji husimamia vituo vya kupimia kina cha mto, Garissa na Garsen vikiwemo, ambako ubao wenye alama za vipimo husimikwa ukingoni na msomaji wa vipimo, ambaye kwa kawaida ni mkazi wa hapohapo, huutazama asubuhi na jioni na kuandika usomaji wake kwa mkono. Kazi hiyo huonekana nyepesi mpaka mtu anapofikiria inavyofanywa kila siku kwa miaka mingi, katika jua na mvua, ikiwemo siku ambazo ubao umezama na msomaji hulazimika kukisia kwa kutazama mti au nguzo na kuandika pembeni kwamba amekisia. Kati ya mwaka 1968 na 1988 mabwawa matano ya umeme yalijengwa juu ya mto huu, yaani Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, na tangu Masinga ilipokamilika mwaka 1981 mtiririko wa maji yanayofika delta haukuwa tena wa kimaumbile tu. Mjadala mkali ambao umeendelea tangu wakati huo, kuhusu kiasi gani mabwawa yamepunguza mafuriko ambayo mkulima wa Kipokomo aliyategemea kulima mpunga na mfugaji wa Kiorma aliyategemea kuotesha malisho, hauwezi kuamuliwa bila kulinganisha mto wa kabla na mto wa baada. Mto wa kabla umo ndani ya madaftari yaliyoandikwa kwa mkono. Hakuna setilaiti wala kikokotoo kinachoweza kurudi mwaka 1961, mwaka wa mafuriko makubwa ambayo wazee bado huyasimulia, kupima kile ambacho msomaji wa siku ile hakukiandika.

Hata hivyo hakuna mahali ambapo taifa zima lilijifunza thamani ya mwandiko kwa uchungu kama katika uchaguzi. Kura za urais zinapokwisha kuhesabiwa katika kituo, msimamizi wa kituo, ambaye mara nyingi ni mwalimu au kijana msomi wa eneo hilo, hujaza kwa mkono Fomu 34A, yaani hati ya matokeo ya kituo kimoja, na mawakala wa wagombea hutia sahihi zao chini yake. Nakala moja hubandikwa mlangoni mwa kituo ili kila mpita njia aisome, na picha ya fomu hutumwa kwa kifaa cha KIEMS, ambao ni mfumo wa kielektroniki wa kuwatambua wapiga kura na kusafirisha matokeo. Katika jimbo la Garsen, lenye wadi sita zinazoanzia Kipini Mashariki pwani hadi Garsen Kaskazini, kuna vituo ambavyo kuvifikia wakati wa maji ni kwa mashua, na katika uchaguzi wa 2022 tume ya uchaguzi yenyewe ilieleza kwamba zaidi ya vituo 1,000 nchini vilikuwa nje ya eneo la mtandao wa kasi.

Historia ya miaka kumi kati ya 2013 na 2022 inaweza kusomwa kama historia ya taifa kutafuta mahali panapofaa pa kompyuta. Mwaka 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura vilikwama katika vituo vingi na usafirishaji wa matokeo kwa njia ya kielektroniki ukaanguka, hata hesabu ikarudi kwenye karatasi zilizoletwa Nairobi na wasimamizi wenyewe. Mwaka 2017 kosa lilikuwa la upande wa pili: nambari zilimiminika kwenye skrini tangu jioni ya kwanza, lakini wakati mshindi anatangazwa fomu za vituo vyote hazikuwa zimepokewa, na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilibatilisha uchaguzi wa urais, uamuzi ambao haukuwa umewahi kutolewa na mahakama yoyote barani Afrika. Nambari isiyo na fomu nyuma yake ilionekana kuwa dai tu.

Mwaka 2022 mambo yalipangwa kwa busara zaidi. Picha za Fomu 34A kutoka takriban vituo vyote 46,229 ziliwekwa hadharani kwenye tovuti ya tume kadiri zilivyofika, na mwananchi yeyote mwenye simu aliweza kusoma mwandiko wa msimamizi wa kituo cha Garsen, Turkana au Kisumu na kujumlisha mwenyewe. Ilipodaiwa mahakamani kwamba fomu zilibadilishwa zikiwa safarini kabla ya kuonekana kwenye tovuti, majaji hawakuwa na haja ya kutegemea neno la mtaalamu mmoja wa kompyuta dhidi ya mwingine, kwa sababu msajili wa mahakama aliweza kuchukua fomu halisi, kuziweka kando ya picha zake na kuzilinganisha. Na tarehe 5 Septemba 2022 mahakama hiyo, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, ilisema haikuona tofauti za maana kati yake. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya uchaguzi ule, lakini utaratibu wenyewe unafundisha jambo: mkono uliandika, mashine ikasafirisha na kuonyesha, na shaka ilipozuka msuluhishi akawa mwandiko.

Sheria nyingine nazo zimeupa mwandiko heshima hiyohiyo. Sheria ya Ushahidi, ambayo ni Sura ya 80 ya sheria za Kenya, huruhusu mtu anayeufahamu mwandiko wa mwingine atoe ushahidi kwamba hati fulani iliandikwa naye, ilhali kumbukumbu za kielektroniki hupokewa kwa masharti yake maalumu, ikiwemo cheti kinachoeleza jinsi zilivyotolewa kwenye mashine. Hata nje ya mahakama, mawakala wa M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanzishwa mwaka 2007 na kuifanya Kenya isifiwe duniani kote, kwa miaka mingi walimtaka mteja atie sahihi kwenye daftari lao ingawa simu yenyewe ilikuwa imekwisha kurekodi muamala. Katika delta yenyewe, ambako mapigano ya mwaka 2012 kati ya wakulima na wafugaji yaliua zaidi ya watu 100, mapatano juu ya malisho na juu ya malka, yaani njia za kupitishia mifugo kwenda mtoni, hupata uzito wake yanapoandikwa na kutiwa sahihi au dole gumba mbele ya wazee wa Gasa, ambalo ni baraza la Wapokomo, na wa Matadheda, ambalo ni baraza la Waorma. Karatasi hiyo haizuii vita peke yake, na haingekuwa haki kuibebesha mzigo huo. Lakini mtu aliyeandika jina lake mbele ya jirani yake amejifunga kwa namna ambayo ujumbe wa simu hauwezi kumfunga.

Upo upande mwingine wa suala hili, ambao ni upande wa akili ya anayeandika. Duksi, yaani chuo cha Kurani miongoni mwa wafugaji, imehifadhi desturi ambayo wataalamu wa elimu wangefaa kuizingatia zaidi: mwanafunzi hupewa ubao mwembamba, huandika aya zake kwa kalamu ya kijiti na wino wa makaa, huzisoma kwa sauti hadi azihifadhi kifuani, kisha huuosha ubao na kuanza aya zinazofuata. Maandishi hayo hayakukusudiwa kudumu ubaoni. Yanaandikwa ili yafutwe, kwa kuwa kazi yake ni kupita mkononi kwenda moyoni, na ubao unapooshwa ni dalili kwamba kazi imekamilika.

Utafiti wa miaka ya karibuni umeanza kueleza kwa lugha ya maabara kile ambacho walimu wa duksi walikijua kwa uzoefu. Mwaka 2012 Karin James na Laura Engelhardt, huko Indiana nchini Marekani, walionyesha kwamba watoto wa umri wa miaka mitano, ambao hawajajua kusoma, walipojifunza herufi kwa kuzichora kwa mkono, zile sehemu za ubongo zinazotumika katika kusoma ziliamka walipoziona herufi hizo baadaye, jambo ambalo halikutokea kwa kiwango hicho walipozijifunza kwa kubonyeza vitufe. Mwaka 2024 Audrey van der Meer na Ruud van der Weel wa Trondheim, Norwei, walichapisha matokeo ya kuwapima wanafunzi 36 wa chuo kikuu kwa kofia yenye vipokezi 256 vya umeme wa ubongo, na wakaona kwamba kuandika kwa kalamu huunganisha sehemu nyingi za ubongo kwa wakati mmoja kuliko kuchapa kwa kidole. Uaminifu unadai kuongezwa kwamba si kila dai limethibitika: utafiti mashuhuri wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa mwaka 2014, uliosema kwamba wanafunzi wanaoandika madokezo kwa mkono huelewa somo vizuri zaidi kwa sababu mkono hauwezi kunakili kila neno na hivyo humlazimisha mtu kuchuja, uliporudiwa na watafiti wengine mwaka 2019 ulitoa matokeo dhaifu zaidi. Kuhusu mtoto anayejifunza herufi kwa mara ya kwanza, hata hivyo, ushahidi una nguvu, na mtoto huyo ndiye anayehusika zaidi katika shule za delta kama zile za Tarasaa, Ngao na Wema.

Nchi tajiri zilizotangulia kukimbilia vishikwambi, yaani kompyuta bapa zinazoguswa kwa kidole, zimeanza kurudi nyuma hatua chache. Uswidi mwaka 2023 ilitangaza kuongeza vitabu vya karatasi na mazoezi ya kuandika katika madarasa ya chini, na jimbo la California, ambako makampuni makubwa ya teknolojia yamezaliwa, limefanya mwandiko wa kuunganisha herufi kuwa somo la lazima katika madarasa sita ya mwanzo tangu Januari 2024.

Maelezo ya thamani ya mwandiko kwa pwani hii hayawezi kukamilika bila kutaja miswada, yaani maandiko ya zamani yaliyonakiliwa kwa mkono kabla ya chapa au bila chapa. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu zilizorekebishwa, maandishi ambayo wataalamu huyaita ajami, na marekebisho hayo hayakuwa kazi ndogo: Kiarabu kina alama tatu za irabu wakati Kiswahili kina irabu tano, na hakina herufi ya kawaida ya p, ya v wala ya ch. Msomaji alitakiwa aijue lugha vyema ili atambue kama neno lililo mbele yake ni hili au lile, na wanakili mahiri walibuni nukta na alama za ziada za kumsaidia. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890 na ambaye kwa mkono wake mashairi mengi ya mshairi Muyaka yaliokolewa, alikuwa mmoja wa wabunifu hao.

Delta ya Tana imo ndani ya historia hiyo kwa njia ambayo wakazi wake wengi hawajaelezwa. Fumo Liyongo, shujaa na mshairi mkuu wa masimulizi ya Waswahili, anahusishwa na nchi ya Ozi na mji wa Shaka karibu na mlango wa Tana, na kaburi linalosemwa kuwa lake lipo Kipini, katika jimbo lilelile la Garsen. Wataalamu hawajakubaliana aliishi karne gani, lakini kwamba habari zake zimefika leo zikiwa na umbo kamili la utendi ni kwa sababu watu walikaa chini wakaziandika. Aliyefanya kazi kubwa zaidi ni Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyezaliwa karibu na mwaka 1855 na kufariki 1945, mshairi, mchonga mbao na mwandishi wa hati, ambaye muswada wake wa utendi wa Liyongo una tarehe ya 1913. Kijumwa aliwanakilia miswada Alice Werner na William Hichens wa Uingereza, kisha Ernst Dammann wa Ujerumani aliyefika Lamu mwaka 1936, na kurasa zake, zilizopambwa kwa wino wa rangi na kupangwa kwa vipimo vya fundi, leo zimo katika maktaba za London na Ujerumani. Anayezitazama hujua mara moja kwamba hazikuandikwa na mtu mwingine. Mwandiko wake umekuwa chombo cha utafiti, kwa kuwa muswada usio na jina unaweza kutambuliwa kuwa wake kwa umbo la herufi tu, na kwa kulinganisha nakala zake za utungo mmoja mtafiti huona mahali alipobadilisha neno la Kiamu, lahaja ya Lamu, ili limfae msomaji wa nje.

Lugha za mtoni nazo ziliingia karatasini kwa kalamu kabla ya kufika kwenye chapa. Mmisionari Ludwig Krapf aliweka maneno ya Kipokomo pamoja na ya Kigalla, kama lugha ya jamaa za Waorma ilivyoitwa wakati ule, katika msamiati wake wa lugha sita za Afrika Mashariki uliochapishwa mwaka 1850. Na Ferdinand Würtz wa misheni ya Neukirchen, iliyokuwa na kituo Ngao, alichapisha kamusi na sarufi ya Kipokomo katika miaka ya 1890. Nyuma ya kila ukurasa wa vitabu hivyo walikuwapo Wapokomo walioulizwa, wakajibu, wakasahihisha, na ambao majina yao hayakuwekwa kwenye majalada. Iwapo majina hayo yatapatikana siku moja, yatapatikana katika madaftari ya kazi yaliyoandikwa kwa mkono, kwa sababu vitabu vyenyewe viliyaacha nje.

Kompyuta imekuwa rafiki mkubwa wa miswada hii, na si haki kuificha sifa hiyo. Kati ya hazina zilizopigwa picha kwa fedha za mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini ni miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, uliojengwa na Habib Saleh mwishoni mwa karne ya 19. Zaidi ya miswada 100 ya msikiti huo sasa inaweza kusomwa na mwanafunzi aliye Garsen, Muscat au Toronto bila kuigusa wala kuichakaza. Kinachofaa kuangaliwa ni jinsi kazi hiyo ilivyofanywa: waliohusika hawakutoa maneno kwenye kurasa na kuutupa mwandiko, walipiga picha ya ukurasa mzima pamoja na pambizo zake, madoa yake na maelezo ya wamiliki, kwa kuwa walijua kwamba ukurasa unaeleza mengi kuliko maneno yaliyomo.

Kwa upande wa shule, serikali ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi mwaka 2016, na mtaala wa umilisi uliofuata umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa stadi saba za msingi. Hakuna mzazi wa Garsen anayefaa kulaumiwa kwa kutaka mwanawe aijue kompyuta, kwa kuwa kumnyima ni kumfungia milango ya kazi nyingi. Lakini mtahiniwa wa kidato cha nne bado huandika karibu majibu yake yote ya mtihani wa taifa wa KCSE kwa kalamu, na msahihishaji asiyemjua hana kitu kingine cha kumtambulisha isipokuwa mwandiko huo. Mwanafunzi ambaye mkono wake huchoka baada ya ukurasa mmoja, au ambaye herufi zake hazisomeki, huingia katika mtihani akiwa na mzigo ambao wenzake hawana. Dakika chache za mazoezi ya mwandiko kila siku katika madarasa ya chini, zikiwa chini ya mwalimu anayesahihisha jinsi kalamu inavyoshikwa na jinsi nambari zinavyoumbwa, hazigharimu umeme wala leseni ya programu.

Nambari hasa ndizo zinazostahili kusisitizwa, kwa sababu mtoto anayefundishwa leo kutofautisha saba na moja ndiye muuguzi, msomaji wa mto na msimamizi wa kituo cha kura wa miaka 15 ijayo. Ni jambo la kusikitisha kwamba mafunzo kazini ya watumishi hao huwa marefu kuhusu vifaa na mafupi mno kuhusu namna ya kujaza ukurasa, kana kwamba mtu mzima hahitaji kukumbushwa kukata kosa kwa mstari mmoja, kuandika tarehe kamili na kutia sahihi inayosomeka.

Karatasi ina adui wake pia, na adui mkubwa wa Tana ni uleule mto. Mafuriko ya 2018 na yale ya 2023 na 2024 yaliingia majumbani, shuleni na katika zahanati, na rejista iliyolowa kwa siku tatu haisomeki tena. Kaunti ya Tana River ingefanya jambo la maana kama ingehakikisha kwamba kila zahanati, shule na ofisi ya chifu ina rafu iliyo juu ya alama ya maji ya juu kabisa yanayokumbukwa mahali hapo, na kwamba madaftari yaliyojaa hayaachwi chini ya meza yakisubiri mchwa, bali hupelekwa Hola, makao makuu ya kaunti, yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa kama ilivyofanywa Riyadha, pamoja na maandishi ya pembeni na jina la mwandishi pale linapojulikana. Simu ya kawaida na mwanga mzuri wa dirishani vinatosha kuanzia. Ya kwanza kuokolewa yawe madaftari ya kina cha mto yaliyoandikwa kabla ya Bwawa la Masinga kujazwa, kwa kuwa rejista ya kliniki ya mwezi ujao itaandikwa na mtu, lakini mto uliopimwa katika madaftari yale haupiti tena Garsen.